Programu ya simu: Kioo si duka zima

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Tandika au Tandale anayeombwa kutoa fedha kwa ajili ya programu ya simu, iwe ni kuagiza ya kwake au kununua sehemu ya kampuni inayoitengeneza, kwa kawaida huonyeshwa kitu kimoja tu, nacho ni kioo. Huona picha za bidhaa, rangi za kuvutia na kitufe cha kulipia. Hata hivyo, kioo hicho ni sehemu moja tu kati ya tano, na si hiyo inayoamua kama fedha zake zitarudi.

Sehemu hizo ni uso, seva, kanzidata, viunganishi na ulinzi. Kabla ya kufungua pochi, ni vyema kuuliza habari za kila moja.

USO

Uso ndio unaokaa ndani ya simu ya mteja. Simu janja zina mifumo mikubwa miwili, Android ya Google na iOS ya Apple, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja haiendi kwenye mwingine. Zamani fundi alilazimika kuandika kazi mara mbili. Zana kama React Native, iliyotoka mwaka 2015, na Flutter ya Google, iliyotolewa rasmi mwaka 2018, zimepunguza gharama hiyo kwa kuwezesha sehemu kubwa ya kazi kuandikwa mara moja. Ada ya kujisajili ili kuweka programu kwenye duka la Google ni dola 25, hulipwa mara moja. Apple hutoza dola 99 kila mwaka.

Aidha, uso si lazima uwe wa picha. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, umma ulizoea huduma hiyo kwa menyu ya maandishi, na hadi leo mwenye simu ya kitochi hubonyeza nyota 150 nyota 00 reli akahudumiwa bila intaneti wala kupakua kitu. Anayelenga wateja wa Mbagala wenye kitochi, halafu akalipia programu ya simu janja peke yake, amewafungia nje wanunuzi wake mwenyewe.

SEVA NA KANZIDATA

Seva ni kompyuta iliyo mahali pengine, inayowaka usiku na mchana, ambayo hupokea maombi kutoka kwenye simu na kuyafanyia kazi. Watengenezaji wengi huikodi, na kodi yake haikomi siku programu inapokamilika. Kanzidata ni daftari linalotunzwa huko. Ndimo yanamokaa majina ya wateja, bei, mzigo uliopo stoo na madeni.

Wawekezaji wadogo wanao mfano mzuri kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo huwawezesha kununua na kuuza hisa kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Mtu akipoteza simu yake hapotezi hisa zake, kwa sababu kumbukumbu ya umiliki haimo kwenye simu. Imo kwenye daftari la hifadhi kuu ya dhamana. Thamani imo kwenye daftari, na kioo ni dirisha la kulitazamia.

VIUNGANISHI

Viunganishi ni njia zinazoiwezesha programu kuzungumza na mifumo ya watu wengine, hasa ya malipo. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka anayeendesha huduma ya malipo awe na leseni ya Benki Kuu. Kwa sababu hiyo, programu ndogo ya kuuzia mchele haipaswi kujigeuza benki. Hujiunganisha na kampuni yenye leseni, na kampuni hiyo huchukua ada yake. Mwekezaji aulize ada hiyo ni kiasi gani na inatoka kwenye faida ya nani, kwani biashara ya faida ndogo kwa kila gunia inaweza kuliwa hapo.

Mfano wa kampuni ya nyumbani ni NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes. Ilianza kwa kukusanya huduma za pesa za mitandao mbalimbali kwenye kioo kimoja, ikitumia menyu za kampuni za simu bila kuhitaji intaneti. Baadaye iligeukia biashara ya kutuma fedha kutoka nchi za nje kuja Afrika. Anayejenga juu ya barabara ya mwenzake lazima ajue kuwa mwenye barabara ndiye mpanga ushuru.

ULINZI

Ulinzi unahusu namba ya siri na pia ruhusa ambazo programu inamwomba mteja, kama vile kusoma orodha ya majina kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Wakopaji wengi wa mtandaoni walikuwa wamelalamika kwamba ndugu na jamaa zao walikuwa wakitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume husika. Programu inayoomba majina yasiyo na kazi ni hatari kwa mteja, na ni kesi inayomsubiri mwenye mtaji.

MAHALI INAPOKWAMA

Tuchukue mfano wa duka la jumla la mchele Tandika. Mteja wa Tegeta anaagiza magunia 10 na kulipa kwa simu. Fedha zinakatwa, kisha mtandao unapotea kabla kioo hakijaonyesha jibu. Mteja, akidhani malipo yameshindikana, anabonyeza tena. Kama seva iliipa oda hiyo namba yake ya pekee tangu mwanzo, itatambua kuwa ni ileile na kukataa malipo ya pili. Kama haikufanya hivyo, mteja amelipa magunia 20 na mwenye duka ana ugomvi. Hakuna rangi ya kioo itakayotibu kasoro hiyo. Kwa hiyo, siku ya kuonyeshwa programu, mwambie fundi azime data katikati ya malipo ya majaribio, aiwashe tena, kisha mkague daftari pamoja.

Mwisho ni suala la umiliki. Mkataba useme wazi akaunti ya duka la programu iko kwa jina la nani, seva inakodiwa kwa jina la nani, nani anatunza nakala ya kanzidata na kila baada ya siku ngapi, na nani atalipwa kurekebisha programu pale Google au Apple watakapobadilisha mifumo yao, jambo wanalolifanya kila mwaka. Mfanyabiashara ambaye vyote hivyo viko kwa jina la fundi, siku wakikosana atabaki na picha ya duka, huku daftari la wateja likiwa mikononi mwa mtu mwingine.