Tiba kwa Vitendo: Nyenzo ya Kujitegemea katika Shughuli za Kila Siku

Na Mwandishi Wetu, Pangani

Mtu anaponusurika kiharusi, familia huuliza kwanza kama atapona. Lipo swali jingine ambalo mara nyingi halipewi uzito: je, ataweza kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani bila kusubiri msaada wa mwingine? Swali hilo ndilo linalojibiwa na tiba kwa vitendo.

Tiba kwa vitendo ni sehemu ya huduma za utengamao. Mfiziotherapia hushughulikia zaidi nguvu na mwendo wa viungo, ilhali mtoa tiba kwa vitendo huanza na shughuli yenyewe. Huigawa katika hatua, hubaini hatua inayomshinda mgonjwa, kisha humzoeza, humfundisha njia nyingine ya kuitekeleza au hurekebisha mazingira yake.

Kwa mfano, aliyepooza upande mmoja hufundishwa kuanza kuvaa shati kwa mkono ulioathirika, na anapolivua aanze na mkono mzima.

Marekebisho mengi hayahitaji vifaa vya gharama kubwa. Kwa mkazi wa Mwera, wilayani Pangani, mpini wa kijiko unaweza kunenepeshwa kwa kuzungushiwa kitambaa ili ushikike. Kitambaa chenye unyevu chini ya sahani huizuia kuteleza. Ndoo ya kuogea huwekwa juu ya kigoda, na nguzo imara hukitwa chooni kwa ajili ya kujishikilia. Asiyeweza kuketi kwenye mbuzi kukuna nazi huandaliwa meza ya kufanyia kazi nyingine za jikoni, na mvuvi asiyeweza kwenda baharini huweza kuzoezwa kushona nyavu akiwa ameketi.

Huduma hii huwafaa pia watoto wenye mtindio wa ubongo, waliokatwa viungo, wenye majeraha ya moto, wenye changamoto za afya ya akili na wazee.

Familia zinakumbushwa kwamba kumfanyia mgonjwa kila kitu, hata kwa mapenzi mema, humnyima nafasi ya kurejesha uwezo wake. Ni vyema apewe muda wa kufunga kifungo mwenyewe, hata akichukua dakika kumi, na asaidiwe pale tu anaposhindwa.

Nchini, wataalamu wa fani hii hufundishwa KCMC, mjini Moshi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya na utengamao, na kila tarehe 27 Oktoba dunia huadhimisha siku ya taaluma hii.

Wananchi wanashauriwa kutosubiri. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, familia iulize kuhusu huduma za utengamao na utaratibu wa rufaa, kwa kuwa mazoezi yanayoanza mapema, hali ya mgonjwa ikiruhusu, humwongezea nafasi ya kurejea kwenye shughuli zake.