Kwa Nini Uzito wa Mwili Hukoma Kupungua

Mtu mzima aliyeelezwa na daktari kwamba shinikizo lake la damu limepanda, na kwamba yampasa kupunguza uzito, aghalabu huianza kazi hiyo kwa bidii. Huacha sukari katika chai, hupunguza mafuta katika mchuzi, na huongeza mwendo wa miguu. Katika majuma ya mwanzo mizani humpa moyo: hupungua kilo moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Halafu, bila sababu anayoiona, mshale wa mizani husimama. Mwezi hupita, na wa pili hupita, na mshale haujasogea. Watu wa nyumbani huanza kunong'ona kwamba anakula kwa siri, naye mwenyewe hujilaumu kwamba hana nia. Wengi huacha jitihada zao katika hatua hii. Wengine hujinyima chakula kupita kiasi, au hununua vidonge vya kuharisha ambavyo hawakuandikiwa na daktari.

Lawama hizo kwa sehemu kubwa hutokana na kutofahamu namna mwili unavyofanya kazi. Uzito hukoma kupungua kwa sababu zinazoweza kuelezwa kwa fizikia na baiolojia ya shule ya sekondari. Mwenye kuzifahamu atajua lini aendelee, lini achunguze mwenendo wake upya, na lini aridhike.

Hesabu inayopotosha

Mwili hupata nishati kutokana na chakula, na huitumia katika kuendesha moyo na mapafu, kulinda joto lake na kufanya kazi. Nishati inayoingia ikiwa pungufu ya ile inayotumika, mwili hufidia upungufu huo kwa kuchoma akiba yake, ambayo hasa ni mafuta. Kilo moja ya tishu za mafuta huwa na nishati ipatayo kilojuli 32,000. Kutokana na tarakimu hiyo, watu wamezoea kupiga hesabu nyepesi.

Chukua mfano wa mwalimu mwenye uzito wa kilo 88, anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vinne vya sukari vya gramu tano tano. Hizo ni gramu 60 za sukari. Kwa kuwa gramu moja ya sukari hutoa kilojuli 17 hivi, jumla yake hukaribia kilojuli 1000. Mwalimu huyo akianza kunywa chai bila sukari, na asibadili jambo jingine lolote, hesabu nyepesi itatabiri kwamba atapungua kilo moja kila baada ya siku 32. Kwa mwaka mmoja atapungua kilo 11 na zaidi; kwa miaka mitano, kilo 57. Atakuwa amebaki na kilo 31, uzito wa mtoto wa miaka kumi, na kabla ya mwaka wa nane kwisha atakuwa ametoweka kabisa!

Hapana mtu aliyepata kutoweka kwa kuacha sukari. Kosa la hesabu hiyo ni kudhani kwamba matumizi ya nishati hubaki yale yale hata mwili unapobadilika.

Debe lenye tundu

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa jaribio jepesi. Debe tupu litobolewe tundu dogo karibu na kitako, kisha liwekwe chini ya bomba lililofunguliwa kiasi. Maji yatapanda, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo shinikizo kwenye tundu linavyoongezeka, na maji kutoka kwa kasi zaidi. Hatimaye maji yanayotoka yatalingana na yanayoingia, na kina kitasimama.

Sasa bomba lipunguzwe kidogo. Maji yatashuka, mwanzoni haraka, baadaye polepole, na mwishowe yatasimama tena katika kina cha chini kuliko cha awali. Hakuna aliyelifungua bomba tena, wala aliyeziba tundu. Wanafunzi wakipima kina kila baada ya nusu dakika na kuchora grafu, watapata mstari unaoteremka kwa ukali kisha ukalala. Umbo hilo linafanana na grafu ya uzito wa mtu aliyepunguza chakula.

Sababu ni hii: mwili mkubwa una tishu nyingi za kulishwa na mzigo mkubwa wa kubebwa katika kila hatua. Mwili ukipungua, gharama ya kuuendesha hupungua pia, na ule upungufu wa nishati uliokuwa ukichoma mafuta huliwa kidogo kidogo mpaka ukaisha. Mwaka 2011, Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na wenzake walitoa kanuni ya makadirio katika jarida la tiba liitwalo The Lancet. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mtu mzima akipunguza kilojuli 100 kwa siku, na akadumu hivyo, hatimaye atapungua kilo moja hivi. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na asilimia 95 katika miaka mitatu. Basi mwalimu wa mfano wetu atapungua kilo tano katika mwaka wa kwanza, na mwishowe atasimama karibu na kilo 78.

Mwili unaojihami

Hata hivyo mwili hutofautiana na debe katika jambo moja kubwa: una uwezo wa kujihami. Ushahidi mashuhuri ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Profesa Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Vijana 36 waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea kula karibu nusu ya chakula walichozoea kwa muda wa miezi sita. Uzito wao ulipungua kwa takriban robo, lakini nishati waliyotumia wakiwa wamepumzika ilipungua kwa asilimia 40 hivi. Mwili ulikuwa umebana matumizi kuliko ambavyo kupungua kwake peke yake kungeweza kueleza. Vijana hao walikuwa wakihisi baridi na uchovu, na mawazo yao yalitawaliwa na chakula hata wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi.

Mjumbe mmoja wa hali hiyo alifahamika mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipogundua homoni iitwayo leptini. Homoni hiyo hutolewa na seli za mafuta na kuupelekea ubongo habari za kiasi cha akiba kilichopo. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo hujibu kana kwamba kuna njaa nchini: hubana matumizi na kuamsha hamu ya chakula.

Kati ya majibu hayo mawili, hamu ya chakula ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Hall, walichunguza wagonjwa wa kisukari waliopewa dawa inayotoa sukari mwilini kwa njia ya mkojo bila wao kuhisi. Ilikadiriwa kwamba kwa kila kilo iliyopungua, matumizi ya nishati hushuka kwa kilojuli 100 hivi kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa kilojuli 400 hivi. Kwa mfano wa debe, ni kana kwamba maji yanaposhuka kuna mkono usioonekana unaolifungua bomba taratibu.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali linalowasumbua wengi. Kwa kanuni ya debe peke yake, uzito ungeendelea kupungua polepole kwa miaka. Lakini katika majaribio mengi ya lishe husimama baada ya miezi sita hadi minane, kwa kuwa sahani imeanza kujaa tena bila mwenyewe kujua. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichunguza watu walioamini kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo mno. Walinyweshwa maji yenye atomu nzito za hidrojeni na oksijeni, ambazo huwezesha kupima nishati anayotumia mtu katika maisha ya kila siku. Ilionekana kwamba miili yao ilitumia nishati kwa kiwango cha kawaida, ila walikuwa wametaja karibu nusu tu ya chakula walichokula. Si lazima kuwaita waongo. Macho ni kipimo dhaifu, na njaa hukidhoofisha zaidi.

Maji na jasho

Yako mambo mengine mawili ambayo hupotosha. La kwanza ni maji. Katika siku za mwanzo mwili hutumia akiba yake ya wanga iitwayo glikojeni, ambayo kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Kilo za kwanza zinazopotea haraka, kwa hiyo, si mafuta matupu. Baadaye chumvi nyingi, au siku za hedhi, huweza kuzuia maji mwilini na kuficha mafuta yaliyopungua.

La pili ni mazoezi. Mwaka 2012 Herman Pontzer, akishirikiana na wenzake, akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, alichapisha matokeo ya vipimo vya nishati vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Ingawa watu hao hutembea mwendo mrefu kila siku wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta matunda, nishati waliyotumia kwa siku, ikilinganishwa na ukubwa wa miili yao, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mazoezi yana manufaa makubwa kwa moyo na misuli, na husaidia kuulinda uzito usirudi. Lakini anayetegemea jasho peke yake kushusha mizani huenda akavunjika moyo.

Mambo ya kufanya

Mizani inaposimama, la kwanza ni kuhakikisha kwamba imesimama kweli. Mtu ajipime asubuhi kabla ya kula, achukue wastani wa kila juma, na alinganishe wastani wa majuma manne. La pili ni kukipima chakula upya kwa kijiko na kikombe. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 37, hivyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kilichoongezwa bila hesabu huleta kilojuli 500. La tatu ni kutokata chakula kikali, bali kuongeza maharage, dagaa, mboga na matunda, ambavyo hushibisha, na kufanya kazi za nguvu ili misuli isipotee. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu hana budi kumwona daktari kabla ya kupunguza chakula zaidi. Wanafunzi ambao bado wanakua hawapaswi kujinyima chakula bila ushauri wa mganga.

La nne ni kuyapima mafanikio kwa kipimo sahihi. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani juu ya kuzuia kisukari, uliohusisha watu zaidi ya 3000 waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huo. Waliobadili chakula na kufanya mazoezi walipungua kilo tano na nusu hivi kwa wastani, na hawakuwa wembamba. Hata hivyo, katika muda wa karibu miaka mitatu, idadi ya wenzao waliopata kisukari ilikuwa ndogo kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa na maelekezo ya kawaida tu.

Kilo tano ndizo zile alizopungua mwalimu wa mfano wetu katika mwaka wake wa kwanza kwa kuacha sukari ya chai. Akidhani kwamba ameshindwa, atairudisha sukari kikombeni, na maji yatapanda debeni hadi kina cha zamani. Akielewa kwamba mshale uliosimama mahali pa chini ni matunda ya kazi anayoifanya kila siku, atakuwa na sababu ya kuendelea kuifanya.