Familia Mahali Ambapo Jua Halitoi Saa

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kwa kufuata jua: saa 12 asubuhi kunakucha, saa 12 jioni kunakuchwa, na hesabu hiyo huaminika kwa kuwa karibu na ikweta nyakati za jua hazibadiliki sana, kiasi kwamba jijini Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa 1. Familia inayohama kutoka huko kwenda Stockholm, mji mkuu wa Sweden ulio karibu nyuzi 59 kaskazini mwa ikweta, hukuta hesabu hiyo imevurugika, kwani mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2:45 asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 alasiri, ilhali mwishoni mwa Juni huchomoza mnamo saa 9:30 usiku na halizami mpaka saa 4 usiku imepita.

Mvurugiko huo haugusi mazoea tu, bali hupenya hadi ndani ya mwili. Katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi mna vishada viwili vidogo vya seli za neva vinavyoitwa saa ya mwili, kwa sababu ndivyo vinavyoongoza mzunguko wa usingizi, joto la mwili na homoni. Na kwa kuwa mzunguko huo kwa watu wengi huzidi kidogo saa 24, huhitaji kurekebishwa kila siku, kazi inayofanywa hasa na mwanga wa asubuhi unaoingia jichoni. Giza linapotanda, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Kwa hiyo mtoto anayeburuta miguu Desemba, huku akivishwa nguo tabaka juu ya tabaka ili awahi shule gizani, hapaswi kuitwa mvivu, kwa maana mwanga uliokuwa ukimwamsha kwao haujafika.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mwanga si kiongozi pekee. Ini na viungo vingine vya mwili vina saa zake, ambazo hufuata kwa kiasi kikubwa nyakati za kula, na ndiyo maana uji unaonywewa saa ileile kila asubuhi, taa zikiwa zimewashwa jikoni, na chakula cha jioni kinacholiwa na wote pamoja, hufanya sehemu ya kazi ambayo ikweta iliifanya bila kuombwa.

Kwa familia za Kiislamu ugumu una sura nyingine, kwani katika siku fupi za Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi husongamana ndani ya takriban saa 3, na magharibi huingia wakati ambao lugha yenyewe bado inauita alasiri. Sala, iliyokuwa ikiigawa siku kwa mapana, sasa hudai kupangwa pamoja na masomo na kazi.

Mpangilio wa namna hiyo haushiki kwa wiki moja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, wakakadiria kwamba muda wa kati uliohitajika ili tendo lifanyike bila kufikiriwa ulikuwa siku 66, huku wengine wakihitaji siku 18 na wengine hadi 254; tena kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Mzazi anayeona miezi miwili imepita na nyumba bado haijatulia hana sababu ya kujilaumu.

Lipo pia zoea ambalo thamani yake haipimwi kwa usingizi, nalo ni simu ya Jumapili kwa bibi. Saa za Sweden zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, simu iliyokuwa ikipigwa saa 12 jioni na kupokelewa Dar es Salaam saa 1 usiku humfikia bibi saa 2, akiwa ameshamaliza kula na huenda anasinzia. Familia inayoiwahisha simu hiyo kwa saa 1, ili imkute bibi wakati uleule aliouzoea, imekwisha kuelewa kwamba ugenini ratiba hutunzwa kwa ajili ya watu, kwa kuwa jua halitoi tena saa.