Tukienda kumwona mama aliyejifungua, tusimpelekee mto wa mtoto

Kila kundi letu lina desturi ya kwenda kumwona mama aliyejifungua. Tunachanga franka, tunanunua sabuni, sukari, kitenge, na mara nyingi mto mdogo na blanketi nene ya mtoto. Tunazitoa kwa upendo. Lakini mto na blanketi hiyo ni vitu ambavyo mtoto hapaswi kulala navyo katika mwaka wake wa kwanza.

Shingo ya mtoto mchanga bado haina nguvu. Pua ikizama kwenye kitu laini, au blanketi ikimfunika uso, hawezi kujigeuza wala kuitoa. Anakosa hewa bila kulia, na mama aliye karibu hasikii kitu.

Alale chali

Mchana na usiku, mtoto alazwe chali mpaka atimize mwaka mmoja. Marekani walianza kufundisha wazazi hivyo mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu.

Mama mkwe atauliza: akitapika maziwa, si atapaliwa? Hapana. Mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi, yanabaki chini na mtoto anayameza. Ni akilala kifudifudi ndipo maziwa yanaweza kuteremka kwenye njia ya hewa. Kifudifudi ni kwa wakati yuko macho na mtu anamwangalia.

Kitanda kimoja, watu wengi

Mahali pazuri pa mtoto ni chumba cha mama, kwenye sehemu yake mwenyewe: godoro gumu, lililo sawa, bila mto. Lakini nyumba nyingi zina kitanda kimoja tu. Basi mama alale kati ya mtoto na watu wengine, wakubwa zake wasilale ubavuni mwake, na blanketi ya mama isifike kwenye uso wa mtoto. Aliyekunywa kasiksi, bia au dawa inayoleta usingizi asilale na mtoto kitanda kimoja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na kilo chache yuko kwenye hatari zaidi. Huyo atafutiwe sehemu yake. Na ukisikia usingizi ukinyonyesha kwenye kiti cha sebuleni, inuka: kiti ni hatari kuliko kitanda.

Baridi na mbabula

Bukavu na Goma usiku ni baridi, na mvua ikinyesha wengine huingiza mbabula chumbani. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuua mtoto na wazazi wake pamoja. Mvalishe mtoto nguo moja zaidi ya zile unazovaa wewe, kisha gusa shingo yake. Kama inatoa jasho, mpunguzie. Kofia itolewe akilala.

Vitu vya kutoka nje

Kuna vitanda vidogo vya mteremko ambavyo mtoto hulala kama ameketi. Kichwa kinaweza kuinama mbele na kuziba njia ya hewa. Mwaka 2019 Marekani, kampuni moja iliita virudishwe vitanda vyake karibu milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto, na mwaka 2022 sheria ikakataza kuviuza. Ukikuta kitanda kama hicho sokoni kati ya vitu vilivyotumika, au ndugu wa Ulaya akakutumia, usimlaze mtoto humo.

Tupeleke nini, basi?

Tupeleke chandarua chenye dawa kama mama hakukipata kituo cha afya, na tumsaidie kukichomeka vizuri chini ya godoro. Tupeleke nguo za kulalia za mikono mirefu, soksi, shuka jepesi. Kundi lenye uwezo linunue godoro dogo gumu. Na tukifika, kabla ya kuimba na kula, tuombe kuona mahali mtoto analala. Kama kuna mto, tuutoe pamoja na mama, huku tukimweleza sababu.