Vidole vya Barafu Ndani ya Samaki

Mtoto anayenyonya barafu ya juisi ya mfukoni hulijua jambo hili mapema: utamu na rangi hutoka kwanza, mkononi ikabaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Maji yanapoganda hayapokei mgeni. Chembe zake hujipanga kwa pembe sita, na sukari au chumvi hukosa nafasi humo, ikasukumwa kwenye maji yaliyo mbele. Maji hayo yakizidi chumvi huganda kwa shida zaidi. Ya bahari, yenye gramu 35 hivi kwa kilo, huganda karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Nyama ya samaki nayo, kwa sehemu kubwa, ni maji yenye chumvi. Perege aliyevuliwa Ziwa Mweru na kutiwa kwenye friza pale Kashikishi, jirani na Nchelenge, huanza kuganda ngozini, kisha barafu husonga kuelekea mifupani. Wala haisongi kama ukuta ulionyooka. Kinundu kidogo kikichomoza, hukuta mbele yake maji yenye chumvi kidogo, na ile kinayoisukuma hukimbilia pembeni. Basi hurefuka haraka, huku mabonde ya kandoni yakikolea chumvi na kuchelewa. Ndivyo vidole vinavyozaliwa. Mwaka 1963 Wamarekani William Mullins na Robert Sekerka walianza kuonyesha kwa hesabu ni lini kinundu hukua na ni lini hufutika. Walikuwa wakifikiria metali, lakini hesabu hiyo inaihusu barafu pia.

Kalamu na karatasi humwonyesha mtu kidole kinapoanza tu. Matawi yake yanahitaji kompyuta. Programu hugawa eneo katika miraba midogo, kila mmoja ukapewa namba: 0 ni maji, 1 ni barafu, na kati ya hizo ni mpaka. Kila hatua, joto na namba hukokotolewa upya. Kwenye myeyusho huongezwa hesabu ya chumvi. Mjapani Ryo Kobayashi alipochapisha kazi yake ya njia hii mwaka 1993, matawi ya fuwele yalichipua kwenye kioo cha kompyuta bila mtu kuyachora.

Kwa mchuuzi, la maana ni hili: baridi ikienda haraka, vidole huwa vyembamba na vingi, ikienda polepole, fuwele hunenepa, zikapasua nyama, na samaki akiyeyuka humwaga maji. Kwa hiyo, ndugu mchuuzi, usirundike gunia zima kwenye friza. Panga samaki safu moja, wasigusane, na uwarundike wakishaganda.