Jua la Asubuhi, Umanjano na Vitamini D

Mwezi wa Julai mjini Nyeri, jua ni la kubahatisha. Ukungu hushuka kutoka Aberdare, Mlima Kenya hupotea machoni, na mtoto aliyezaliwa juzi hufungwa shali mbili na kofia ya sufu hadi ibaki pua tu. Jua likichomoza kidogo, mama huambiwa na shangazi, jirani, hata mhudumu wa kliniki: mtoe mtoto aote jua, mifupa iimarike na umanjano uishe.

Ushauri huo umebeba kazi mbili, na kila kazi ina mwanga wake.

Umanjano huletwa na bilirubini, rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Mtoto mchanga ana chembe hizo tele, nazo hufa mapema kuliko za mtu mzima, huku ini lake halijapata kasi ya kuiondoa rangi hiyo. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa miezi yao ikiwa imetimia huwa na umanjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, ni 8 kati ya 10. Wengi hupona bila dawa. Lakini bilirubini ikipanda kupita kiasi huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au na ulemavu wa viungo wa maisha.

Inayoivunja bilirubini ni sehemu ya buluu ya mwanga. Hilo lilianza kujulikana katika hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, kwa jicho la muuguzi aitwaye Jean Ward, aliyependa kuwatoa njiti nje wapunge hewa. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa kipande cha pembetatu kilichobaki manjano: hapo kona ya shuka ilikuwa imemfunika. Matokeo ya majaribio yaliyofuata yalichapishwa mwaka 1958, na taa za buluu za wodi za watoto wachanga zimetokana na kazi hiyo.

Vitamini D hutengenezwa na mwanga mwingine kabisa, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo haipenyi kioo cha dirisha. Saa mbili asubuhi jua likiwa bado limelala, mionzi hiyo ni haba. Mawingu huipunguza zaidi, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuifaidi. Mtoto wa Julai aliyewekwa dirishani na shali zake hupata mwanga wa buluu puani, na vitamini D hapati. Maziwa ya mama nayo yana kiasi kidogo cha vitamini hiyo. Ndiyo sababu madaktari wa watoto wa Marekani, tangu 2008, hupendekeza matone ya yuniti 400 kila siku kwa anayenyonya.

Je, upungufu wa vitamini D ndio unaoleta umanjano? Vitamini D na bilirubini zote hushughulikiwa na ini, kwa hiyo swali si la kipuuzi. Baadhi ya tafiti za Iran na Uturuki zilikuta watoto wenye umanjano wakiwa na vitamini D kidogo kuliko wenzao. Ila zilihusisha watoto wachache, na vitu viwili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Kwa sasa matone hayo ni ya mifupa, yasitegemewe kutibu umanjano.

Wala jua lisichukue nafasi ya taa. Ili limsaidie mtoto ingebidi avuliwe nguo, na kwa baridi ya Nyeri hilo ni hatari nyingine. Kinachosaidia nyumbani ni kunyonyesha mara kwa mara, kwa kuwa bilirubini hutoka na choo. Maji ya glukosi hayana kazi hapo.

Mama wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja, ilhali umanjano hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano. Mchunguze mtoto kwenye mwanga wa mchana: bonyeza ngozi ya paji la uso au kifua kwa kidole, uachie, utazame rangi iliyo chini yake, kisha weupe wa macho na nyayo. Umanjano ukianza ndani ya saa 24 za kwanza, ukifika kwenye viganja na nyayo, au mtoto akilegea na kukataa titi, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na ukipita wiki mbili huku choo kikiwa cheupe kama chaki, huenda njia ya nyongo imeziba. Upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60.