Mbele ya kuuzisha parsele juu ya kwenda Lusaka

Ndugu mmoja wa ekipe yetu alitoboa majiwe chini ya udongo miaka 17. Akaanza kukohoa, pumzi ikawa fupi. Walimpa dawa za TB miezi sita, kikohozi kilibaki. Juu ya kupata feza ya safari, alisaini mwisho wa kontra, akakamata dekonte yake. Haikutosha. Familia ikauzisha parsele.

Wakapita Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, mpaka Lusaka ku University Teaching Hospital, ile batu wanaita UTH, lopitali kubwa kwenye banganga wa Zambia wanajifunzia. Kule munganga wa mapafu aliuliza maulizo tatu. Picha za zamani za kifua ziko wapi? Ulikunywa dawa gani, na kwa muda gani? Ulifanya kazi gani, toka mwaka gani mpaka mwaka gani? Mikono ilikuwa mitupu. Picha zilibaki ku dispanseri ya kampuni. Wakaanza yote upya: picha, damu, makohozi. Na kila siku ni kulala, kula, kulipa.

Jibu likatoka: silikoze. Bandugu, tusidanganyane. Vumbi la majiwe linaacha makovu ndani ya mapafu, na dawa ya kuyafuta haiko, hata uende Afrika Kusini ao India. Lakini silikoze inafungulia TB mlango, na TB inapona. Kazi ya munganga mkubwa ni kutenganisha hizo mbili, kusaidia pumzi, na kukutosha ku vumbi. Hiyo si kitu kidogo. Lakini mara nyingi inaweza kuanzia hapa kwetu, ku Cliniques Universitaires ya Lubumbashi.

Kama safari ni ya lazima, ya mapafu, ya moyo ao ya kansere, ubebe hivi:

- barua ya munganga anayekutuma, na tafsiri yake kwa Kiingereza. Kibemba kitakusaidia ku njia na ku soko, lakini ku lopitali karatasi ni za Kiingereza;
- picha zote, majibu ya laba, na majina ya dawa;
- karatasi ya kampuni inayoonyesha kazi zako na miaka yake;
- pasipoti, na karte ya chanjo ya homa ya manjano.

Kisha kitu kikubwa: usisaini mwisho wa kontra ukiwa mgonjwa, mbele ya kuona delege wako. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inaomba bwana-kazi alipie matunzo ya mfanyakazi na familia yake, hata kontra ikisimama juu ya ugonjwa, mpaka siku kontra inaisha. Omba kwa barua, na ubakie na kopi yenye kashe. Munganga akiandika kama matunzo haipatikane hapa, delege anapata pa kusimamia.

Ndugu yetu alirudi na karatasi ya silikoze. Kampuni ikamujibu: wewe si mtu wetu tena. Sasa tuko tunafuata dosie yake ku CNSS kama ugonjwa wa kazi. Analala kwa shemeji yake, na bibi na batoto.

Mama unayesoma hii, leo jioni uulize baba swali moja: picha ya kifua chako iko wapi? Kama iko ku kampuni, kesho aombe kopi, angali na nguvu ya kutembea mpaka pale.